Vioo Vyeusi vya Mama Chaja

Wasikilizaji wapendwa, aliye na redio jikoni aongeze sauti kidogo, na mwenye sufuria inayochemka aipunguzie moto. Leo namkumbuka mwalimu. Amefariki Jumanne iliyopita, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Amezikwa juzi Ijumaa. Alifundisha watoto wasioona na watoto wenye uoni hafifu, ndani ya shule ya kawaida ya watoto wote. Mtaani alijulikana kwa jina la Mama Chaja, na kwa jina hilo nitamwita.

Nawaambia mapema: leo nina hasira. Mtayarishaji wangu amenisukumia kikaratasi kimeandikwa "polepole". Nimekiona. Nimekifunika na kikombe.

Mama Chaja hakuanza na watoto wasioona. Alianza na hesabu, mwalimu wa chaki na ubao, mwenye sauti ya kusikika hadi barabarani. Mwaka wake wa nne kazini, akaletewa darasani mvulana asiyeona. Mwalimu akaendelea na kazi kama kawaida. Muhula mzima aliandika ubaoni, akigeuka kila baada ya mstari na kusema, "Kama mnavyoona." Siku ya kufunga shule yule mvulana akanyoosha mkono. Akasema, "Mwalimu, naelewa vizuri sana, ila hiyo 'kama mnavyoona' ndiyo inayonipita."

Kisa hiki alikuwa anakisimulia mwenyewe, na kila mara alijitukana. "Miezi mitatu nampiga chenga mtoto wa watu," alikuwa akisema. Likizo hiyo hakupumzika. Alikwenda kujifunza nukta nundu, yale maandishi yanayosomwa kwa ncha za vidole. Hakurudi tena kwenye hesabu peke yake. Shule ilipofungua kitengo cha watoto wasioona, walimu wengine waliangalia dari. Yeye alisimama.

Sasa sikilizeni kitengo kilivyokuwa. Chumba kimoja, mwisho wa jengo, karibu na bomba la maji. Mashine moja ya nukta nundu, herufi mbili zimekwama. Kitabu cha biolojia ambacho mwanafunzi anayeona anakibeba kwapani, kwa nukta nundu kinakuwa vitabu saba vinene. Na katika hivyo saba shule ilikuwa na vitatu: cha kwanza, cha nne na cha sita. Mtoto anaanza kusoma habari za mmeng'enyo wa chakula, chakula kinafika tumboni, halafu basi. Kitabu kinachofuata hakipo.

Miaka mitatu iliyopita zikaja tableti. Kumi na tisa, za wanafunzi kumi na tisa. Kila moja ina programu inayosoma maandishi kwa sauti. Unagusa, inakuambia umegusa nini. Watoto walisema tableti. Barua za ofisi ya elimu zilisema vishikwambi. Mama Chaja alisema, "Ziitwe hata vijiko, mradi zinaongea."

Ila zilivyokuwa zinaongea! Ile programu ilisoma Kiswahili kama mgeni aliyeshuka jana na ana haraka ya kuondoka. Na kwenye michoro ndiyo ilikuwa mbaya kabisa. Inasema "picha", halafu inaruka. Basi Mama Chaja akaamua kusoma vitabu kwa sauti yake mwenyewe. Biolojia, jiografia, historia, vyote. Alirekodi kwenye tableti mojawapo, akajifungia chumba cha kuhifadhia mipira ya michezo ili kelele za uwanjani zisiingie. Kwenye michoro alisimama na kueleza. Alipofika kwenye moyo, alikwenda kwa muuza nyama akanunua moyo wa ng'ombe, akauosha, akawapa watoto waushike mmoja mmoja. Ndipo akarudi kurekodi, kwa maneno yale yale waliyoyatumia wao: hapa pana mfuko, hapa pana kama mdomo, hapa kidole kinaingia.

Jina la Chaja lilitokana na umeme. Kile chumba kilikuwa na soketi moja tu nzima. Tableti kumi na tisa, soketi moja. Kwa hiyo kila mchana baada ya masomo alitoka na mfuko wa nyaya akaenda kugawa tableti mtaani, kama mtu anayewapeleka watoto kwa ndugu. Nne kwa kinyozi. Tano kwa fundi wa simu. Zilizobaki kwa mdogo wake, ambaye ni mshonaji.

Nimeongea na huyo mdogo wake. Ameniambia, "Dada alikuwa anakuja dukani kwangu, anachomoa pasi yangu, anachomeka mambo yake. Nikitaka kuwasha cherehani napewa amri: 'Subiri, watoto hawajajaa.' Mteja ananidai gauni lake, namwambia nini? Watoto hawajajaa!" Alicheka aliponiambia hivyo. Halafu akalia, na mimi nikazima mashine yangu ya kurekodi kwa muda.

Wasikilizaji wapendwa, shikeni jambo hili moja, maana kila kitu kinageukia hapa. Wale wanafunzi walikuwa wanazima vioo vya tableti. Nasema kioo tu, si tableti. Tableti inafanya kazi, inaongea, ila kioo kinabaki cheusi tii. Walifanya hivyo kwa sababu betri hudumu mara mbili zaidi. Mtu asiyeona kioo kimwakie ili iwe nini? Na sababu ya pili amenipa binti mmoja wa kitengo hicho, yuko mwaka wa mwisho. "Wenzetu wanaoona walikuwa wanachungulia majibu yetu," amesema. "Mimi sioni cha kwao, na wao wasione changu."

Tena walikuwa wameiongezea kasi ile sauti ya programu. Masikio yao yamezoea. Mimi nimesikiliza, nikasikia kuku wanaogombania mtama. Binti yeye alikuwa amemaliza aya nzima nami bado nauliza imesema nini.

Wiki kumi na moja zilizopita, ofisi ikatuma wakaguzi. Wawili: afisa wa vifaa na msaidizi wake. Mama Chaja hakuwepo, alikuwa amempeleka mwanafunzi kliniki ya macho. Afisa akachukua tableti ya kwanza. Kioo cheusi. Akabonyeza. Kuku wakaanza kugombana. Akachukua ya pili. Cheusi, kelele. Ya tatu, ya nne, mpaka ya kumi na tisa. Binti akasimama. Nawapa maneno yake kama alivyonipa.

"Nilimwambia, 'Mzee, hizi ni nzima, kioo tumekizima wenyewe.' Akaniuliza, 'Wewe umeonaje?' Nikamwambia, 'Sikuona. Nimesikia.' Akaendelea kuandika."

Akaendelea kuandika! Nakala ya fomu ninayo hapa. "Vishikwambi kumi na tisa. Vioo vyeusi. Hutoa kelele zisizoeleweka. Havifai kwa matumizi." Mwalimu mkuu akaweka saini, kwa sababu chai ilikuwa inapoa na mgeni ana safari. Tableti zote zikaingizwa kwenye katoni moja, katoni ikaingizwa kwenye gari, gari likaondoka. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Wahenga hawakukutana na afisa huyu. Huyu aliambiwa, tena na mtu asiyeona, na bado hakutazama.

Mama Chaja alirudi saa nane mchana. Watoto walikuwa wamekaa na mikono juu ya meza, hawana cha kushika. Alichouliza kwanza ni kama mtu yeyote alibaki na hata moja. Hakuna. Na hapa lazima niseme kosa lake, maana angekuwa hai angelisema mwenyewe. Zile sauti zote, miaka mitatu ya kusoma, zilikuwa zimenakiliwa kwenye zile tableti kumi na tisa tu. Mtu alishawahi kumshauri aweke nakala mahali pengine. Akajibu, "Nakala kumi na tisa zitapotea wapi zote?" Zilipotea ndani ya katoni moja.

Katika wale kumi na tisa, watano wako mwaka wa mwisho. Watano. Wana mtihani wa kumaliza shule, na vitabu vyao vyote vilikuwa ndani ya hiyo katoni.

Ndipo safari za kwenda ofisini zikaanza. Mara ya kwanza afisa hakuwepo. Mara ya pili alikuwepo lakini ana kikao. Mara ya tatu Mama Chaja aliambiwa aandike barua. Ya nne, barua haikuwa na nakala. Ya tano, nakala haikuwa na muhuri. Mama wa watu akapigwa kalenda hadi viatu vikaisha kisigino. Mara ya sita alikwenda na fundi wa simu, yule anayemchajia, na safari hiyo alikataa kuondoka mlangoni mpaka stoo ifunguliwe.

Stoo ikafunguliwa. Fundi ameniambia mwenyewe: alitoa tableti moja, akaingia kwenye mipangilio yake, kioo kikawaka. Kweupe. Dakika haikuisha. Afisa alitazama akasema neno moja: "Kumbe."

Mngedhani habari imeishia hapo, sivyo? Mtu amesema kumbe, achukue katoni aende zake. Ng'o! Kifaa kilichoandikwa kibovu hakitoki stoo mpaka kiandikwe kimetengenezwa. Fomu iko kwenye kompyuta. Inauliza: kipuri gani kimebadilishwa? Fundi akasema hakuna. Afisa akasema, "Siwezi kuacha wazi, mfumo unakataa." Mfumo unakataa! Tumenunua teknolojia ili mtoto asiyeona asome, na teknolojia nyingine imekaa mlangoni inamzuia, na katikati yao amekaa mtu mzima mwenye mshahara anasema si yeye, ni mfumo.

Afisa akashusha sauti. "Andikeni betri," akasema. "Semeni mmebadilisha betri, tumalize." Fundi alikuwa tayari. Mama Chaja akakataa.

Mdogo wake bado hajamsamehe kwa hilo. "Ningekuwa mimi ningeandika betri, ningeandika hata injini," ameniambia. "Nilimwambia, dada, andika, watoto wapate vitu vyao. Akaniambia, 'Nikikubali kwamba ziliharibika, nimekubali kwamba wanangu ndio waliziharibu. Mwakani watanyimwa wote, wataambiwa wasioona hawajui kutunza vitu.'"

Nimeligeuza jambo hili siku tatu. Wakati mwingine nasema mdogo mtu ana haki, mtihani haungojei heshima. Wakati mwingine namwona yule mama mlangoni mwa stoo, anaambiwa aseme uongo mdogo ili apate haki yake, na nasema hapana, kwa nini yeye? Aliyeandika uongo wa kwanza alikuwa na kalamu ya serikali. Yeye ndiye afute. Mstari mmoja tu ulihitajika: "Nilikosea." Mstari huo mpaka leo haujaandikwa.

Akaendelea kwenda. Ya saba, ya nane, ya tisa.

Kati ya hizo, siku moja alikuja hapa. Ndiyo, hapa redioni. Nimewaza nifiche, lakini nitamlaumuje afisa kwa kutosema nilikosea, halafu mimi ninyamaze? Alikaa pale mapokezi kwenye kiti cha plastiki, mfuko wake wa nyaya magotini. Nilitoka na kikombe cha chai mkononi, sikukaa hata kukaa. Nikamwambia, "Mwalimu, pole sana, lakini tableti kumi na tisa si habari. Niletee takwimu." Akasema, "Takwimu ninayo, dada. Ni watano." Nikacheka. Nilidhani ananitania. Nikamwambia kipindi kimejaa mpaka mwezi ujao, nikarudi ndani.

Mwezi ujao ndio huu. Kipindi ndicho hiki.

Alikwenda mara ya kumi, na mara ya kumi hakupokewa. Jumanne asubuhi alikuwa anajiandaa kwenda mara ya kumi na moja. Mdogo wake ndiye aliyemkuta. "Alikuwa anapiga pasi gauni la bluu, lile nililomshonea la kuendea ofisini. Nilisikia harufu ya kitambaa kinaungua nikajua, kwa sababu dada yangu hakuwahi kuunguza nguo." Daktari alisema ni shinikizo la damu. Alikuwa nalo kwa miaka mingi, na mimi sisemi ofisi ilimuua. Nasema alikuwa anapanda ngazi zile mara kumi na presha yake, kufuata kitu ambacho hakikuharibika.

Sasa njooni msibani Ijumaa. Watu wamejaa, wanafunzi wamekaa mstari wa mbele. Likaja gari la ofisi. Akashuka afisa wa vifaa, tai shingoni, na mpiga picha nyuma yake. Na ile katoni. Imefungwa utepe! Akachukua kipaza sauti akasema marehemu alikuwa mpenda teknolojia, na kwamba ofisi, kwa kuenzi juhudi zake, inarudisha vishikwambi vyote kumi na tisa vikiwa vimetengenezwa. Vimebadilishwa betri, akasema. Akabonyeza kimoja, akakiinua juu ili watu waone. "Vyote vinawaka!" Na kuna watu walipiga makofi. Msibani. Nilikuwepo, niliwasikia.

Walimwita binti apokee kwa niaba ya wenzake, apigwe picha. Akapokea. Mpiga picha akamwambia atabasamu. Binti hakutabasamu, alikuwa amegusa kioo. Kimya. Akagusa tena. Kimya. Akatafuta kwa vidole pembe hii na ile. Kisha akauliza, na kipaza sauti kilikuwa karibu, sote tukasikia: "Sauti ya mwalimu iko wapi?"

Afisa akamjibu kwa furaha kabisa. "Tumezisafisha zote, mwanangu. Tumefuta kila kitu. Ziko kama mpya."

Fundi wa simu alizichukua siku hiyo hiyo akakesha nazo, na jana yote. Programu ya kusoma ameirudisha. Sauti za Mama Chaja hazikurudi. Amejaribu kumi na tisa, moja moja. Ameniambia, "Dada, wamefuta vizuri mno. Hiyo kazi waliifanya kwa ufanisi."

Hapo ndipo tulipofika, wasikilizaji wapendwa. Hamjachelewa sana kwenye habari hii, mimi ndiye niliyewachelewesha. Mtihani ni baada ya siku ishirini na mbili. Wanafunzi ni watano. Vitabu vya kurekodi upya ni sita.

Kwa familia ya marehemu, kwa mdogo wake mshonaji, kwa kinyozi na fundi waliogeuka ndugu, kwa wanafunzi wote kumi na tisa: poleni sana. Redio hii inawapa pole, na mimi nawaomba msamaha, mbele ya watu wote. Mwalimu apumzike kwa amani. Huko hakuna fomu.

Kwa afisa wa vifaa, najua unasikiliza, maana umenitumia ujumbe mara mbili tangu nianze, unasema ile picha yako ya msibani nimesahau kuitaja. Sijaisahau. Leta ule mstari mmoja. Nitausoma hapa bila kuongeza neno.

Na wewe uliye nyumbani, tafakari. Usitafakari juu ya afisa tu, huyo ni rahisi. Tafakari ni mara ngapi mtu alikueleza jambo lake vizuri, kwa adabu, na wewe ukaendelea kuandika. Mimi nimetafakari, na sikupenda nilichokiona. Kuanzia kesho saa tatu asubuhi studio ndogo iko wazi. Anayejua kusoma vizuri aje asome. Tutarekodi, na safari hii nakala zitakaa kila mahali.

Binti yuko hapa pembeni yangu tangu mwanzo wa kipindi. Kabla hatujaanza nilijaribu kumsomea ukurasa mmoja, akanisimamisha. "Unakimbia, shangazi," akasema. "Mwalimu alikuwa akitaja kitu, anangoja mkono wa mtu ufike."

Katika kipindi hiki tuna desturi ya kumaliza kwa dakika moja ya kimya. Leo sitawaomba hiyo dakika. Watoto hawa wamepewa kimya cha wiki kumi na moja, kinatosha. Zimebaki dakika nne, na kitabu cha jiografia nimekifungua, mipaka ya ramani imebandikwa uzi. Binti, weka mkono wako juu ya ramani hii. Nangoja.